Mama Mmoja, Baba Mbalimbali

Jumapili moja ya mwezi wa saba, mwaka 1995, Revocatus alipokea barua ya posa ya mke wake mwenyewe, tena aliipokea kwa mikono miwili na kusema ahsante. Justa alikuwa jikoni nyuma ya nyumba anapuliza kuni, hana habari. Alipotoka na birika la chai akakuta wageni wameshaondoka, stuli mbili zimebaki tupu uani, na Revocatus amekaa kwenye ya tatu, bahasha mapajani, uso umemsawijika.

"Walikuwa akina nani?"

"Mzee Masalu na mwenzake. Wametumwa na Mihayo."

"Mihayo yupi?"

"Yule mgane wa Mkolani, anayenunua pamba. Anataka kukuoa."

Justa aliweka birika chini taratibu. "Na wewe ukawaambia nini?"

"Nikawaambia barua nimeipokea, tutazungumza kwanza na ukoo."

"Ukoo gani, Revo?"

Revocatus aliitazama bahasha. Alikuwa ameshtuka tangu Mzee Masalu alipokohoa na kuanza kuzungumza kwa heshima ile ya washenga, na mtu aliyeshtuka hupokea chochote anachopewa. Ungempa jiwe angelipokea. Kwa bahati mbaya alipewa barua, na kwa desturi za pale barua ikishapokelewa mlango umefunguliwa.

Inabidi kueleza hapa, maana hata majirani walikuja kuelezwa baadaye na bado wakatikisa vichwa. Buhongwa nzima, kuanzia mama wa dagaa pale barabara ya Shinyanga hadi katekista, ilijua kwamba Revocatus ni kaka yake Justa. Mbele za watu alimwita "kaka Revo", naye akamwita "dada". Walipanga vyumba viwili vinavyotazamana uani, wakalipia vyote viwili kwa miaka saba, na kimoja godoro lake halikupata kuchakaa.

Justa alizaliwa ng'ambo, ndani kidogo ya Kamanga, kwa mzee Chenge, mtu wa ng'ombe wengi na maneno machache. Alisoma kidato cha nne kwa masista, akaajiriwa kupokea simu kwenye ofisi ya ushirika wa pamba hukohuko ng'ambo. Kiingereza chake alikipata huko, kwenye simu: maneno mengi ya kusubirisha watu na kuwaomba radhi, mengine akayaokota kidogo kidogo. Huko pia ndiko alikomkuta Revocatus, Mhaya mrefu, mpole, fundi wa mashine za kuchambulia pamba. Revocatus alipokwenda kujieleza kwa mzee Chenge, aliulizwa ana ng'ombe wangapi. Kwa ukweli wake akajibu kwamba kwao wana migomba.

"Migomba haichungwi," alisema mzee Chenge, akaingia zake ndani.

Basi wakatoroka. Kutoroka na binti wa watu si jambo geni katika nchi ile. Ndugu wa binti hukasirika, husaka, mwisho watu hukaa chini wakayamaliza. Mzee Chenge hakuwa mtu wa kuyamaliza. Aliwatuma wanawe watatu wavuke ziwa, waulize mtaa kwa mtaa kama kuna mwanamume Mhaya na mwanamke Msukuma waliofika pamoja. Kwa hiyo siku walipoingia Buhongwa na vifurushi vyao kutafuta chumba, na mwenye nyumba, Mama Ng'washi, mwanamke mpana asiyejua kunong'ona, akamtazama Revocatus na kuuliza, "Na huyu ni nani wako?", Justa akilini aliwaona kaka zake watatu wakishuka kwenye kivuko na fimbo. Akajibu haraka.

"Kaka yangu."

"Mbona hamfanani?"

"Mama mmoja, baba mbalimbali. Yeye alikulia Bukoba kwa baba yake."

Mama Ng'washi alitosheka. Uongo ule ulikuwa na kila kitu, hata lafudhi ya Revocatus ulikuwa umeieleza. Mzee Chenge alifariki mwaka uliofuata, na wanawe wakaacha kusaka, hivyo uongo haukuwa na kazi tena. Lakini kwa wakati huo Justa alikuwa ameshauguzwa malaria na Mama Ng'washi kwa mikono yake, ameshapika kwenye misiba ya mtaa, chakula chake kimeshaliwa na watu waliomwita mwanangu. Uanzie wapi kumwambia mtu wa namna hiyo? Alijisemea mwezi ujao. Mwezi ujao ukawa mwaka, mwaka ukawa saba. Angeweza kusema, na hakusema, na hilo halina utetezi.

Kisha likaja lile la banda la video, ambalo lilimfanya Justa ajulikane hadi Mkolani.

Kiwanda cha pamba cha upande huu, walikopata kazi baada ya kutoroka, kilipopunguza wafanyakazi, wote wawili walipewa barua siku moja. Zilikuwa zile siku ambazo kila mtu aliambiwa ajitafutie, na kila aliyejitafutia alifungua kitu: kioski, saluni, mashine ya kusaga. Revocatus alikuwa amemtengenezea jenereta mfanyabiashara mmoja wa vipuri vya baiskeli mjini, Bwana Pradip, naye kwa shukrani akawakodisha televisheni kubwa na deki ya video. Kanda zilitoka kwa mkewe, Jyotsna. Dada yake Jyotsna aliishi Uingereza, na kila wiki alirekodi mchezo mmoja kutoka kwenye televisheni ya kule akamtumia mdogo wake. Ulikuwa mchezo wa anga, ulioanza kuonyeshwa kule Justa akiwa bado darasa la tatu, na haukuwa na dalili ya kwisha.

Buhongwa waliuita Sufuria, kwa sababu chombo chenyewe, kilichoruka kutoka nyota hadi nyota, kilikuwa na umbo la sufuria iliyofunikwa. Kiongozi wake alikuwa Kepteni Dorin, mtu wa makunyanzi na kizibao cha ngozi. Wenzake wa safari walikuja na kuondoka. Alikuwepo daktari mwenye uso wa kijani, akaolewa kwenye nyota moja yenye mvua na hakurudi. Kulikuwa na mtu wa chuma ambaye watu walimwita Debe. Kulikuwa na mapacha wawili waliokufa kwenye moto, na wiki hiyo akina mama watatu walikuja bandani wamejifunga kanga kiunoni, wamekaa chini kwenye mkeka kama msibani badala ya benchi. Aliyedumu ubavuni mwa Kepteni miaka yote alikuwa mmoja tu, msichana mwembamba aitwaye Mela.

Justa alisimama pembeni ya televisheni na maiki, akatafsiri. Alichokisikia alikisema, asichokisikia alikitunga, na mara nyingi watu walipenda zaidi alichokitunga. Siku ya kwanza kabisa Kepteni alimshika Mela mkono kumvusha kwenye daraja bovu. Kutoka benchi la mbele ikapaa sauti ya Mama Ng'washi.

"Huyo msichana ni nani wake?"

Swali lilelile, sauti ileile. Kabla Justa hajafikiri, mdomo ukajibu wenyewe. "Dada yake. Mama mmoja, baba mbalimbali."

"Ahaa," alisema Mama Ng'washi, ambaye alikuwa mwenyekiti wa akina mama wa jumuiya ya kanisa. "Picha ya kaka na dada, hiyo tutaangalia na mabinti zetu."

Ndivyo banda la Justa lilivyopona. Mabanda mengine yalionyesha karate na mambo ambayo mtu hasemi mbele ya mkwewe, yakaandamwa na viongozi wa mtaa. La Justa lilijaa akina mama kila Jumamosi saa nane mchana, na wazazi walipowagombeza watoto waliwaambia, mtazameni Mela anavyomheshimu kaka yake. Kwa miaka minne Justa aliulinda undugu ule kama mboni ya jicho. Kepteni akimwita Mela kwa sauti laini, Justa alimtafsiria ukali kidogo wa kaka mkubwa. Revocatus alikaa nyuma ya deki, akisikiliza, na wakati mwingine alicheka peke yake akisingizia vumbi.

Jumapili ile ya barua hakucheka.

"Mimi nami nilikuwa na neno la kukuambia leo," alisema Justa, akikaa kwenye stuli ya Mzee Masalu. "Sikutaka ulisikie hivi."

"Sema."

"Nina mimba. Mwezi wa tatu huu."

Revocatus alikuwa na miaka arobaini na moja, Justa thelathini na nne. Kwa miaka saba walikuwa wakihesabu siku na kuogopa, na katika kuogopa huko walikuwa wameanza kuamini kwamba jambo hilo limewapita. Furaha ilimjia, ikamkuta ameshika bahasha ya Mihayo.

"Tumbo likitokeza watauliza ni la nani," alisema Justa.

"Nikisema ni langu?"

"Kaka na dada, Revo? Kwa Wasukuma? Hata maji ya kisimani watatunyima. Na mtoto atakua anatazamwa kama laana."

"Basi tutasema ni la mtu. Mtu amekimbia."

Kuku alipita kati yao, akadonoa chini ya stuli tupu, akaenda zake.

"Halafu mtoto akianza kuzungumza," alisema Revocatus, "mimi ataniita nani?"

Justa alijua, naye Revocatus alijua.

"Ataniita mjomba," alisema.

Hilo ndilo lililowatesa wiki nzima, kuliko barua, kuliko kodi ya vyumba viwili. Mtu anaweza kuvumilia mkewe kumwita kaka mbele za watu. Lakini kubeba mtoto wako mwenyewe begani, ukaitwa mjomba mpaka kufa! Revocatus hakulala. Siku ya Jumatano akaja na shauri: waonyeshe Jumamosi kama kawaida, Jumatatu alfajiri wapande kivuko kwenda Kamanga, kisha Geita, ambako hakuna anayewajua, waanze upya kama mke na mume. Barua ya Mihayo angeirudisha kwa mkono wa mtu. Justa alikubali kwa mdomo. Moyoni alisikia uchungu. Alikuwa ameshakimbia mara moja maishani, na kukimbia kule ndiko kulikozaa haya yote.

Kama ilivyokuwa kawaida yake, kila Ijumaa Justa alikwenda mjini kwa Jyotsna kuitazama kanda kabla ya kuionyesha. Hapo ndipo alipoyajua maneno magumu na kupanga atasema nini. Ijumaa ile ulikuwa mgao, mjini kote hakuna umeme, na jenereta ya Bwana Pradip ilikuwa imefunguliwa vipande vipande sakafuni.

"Hata mimi sijaiona," alisema Jyotsna akimpa kanda. "Dada yangu ameandika kwamba watu kule hawazungumzi kingine wiki nzima. Kuna jambo kubwa limetokea. Jumatatu utakuja unisimulie."

"Nitakuja," alisema Justa, akijua kwamba Jumatatu atakuwa majini.

Jumamosi umeme ulikuwa umerudi, na banda lilijaa mpaka watu wakakaa kwenye madebe mlangoni. Mama Ng'washi alikuwa mahali pake, benchi la mbele, pembeni yake Rose, mke wa katekista. Na nyuma kabisa, amevaa shati jipya lenye mikunjo ya dukani bado, alikaa Mihayo. Hakuwahi kuja bandani kabla. Aliinua mkono kumsalimia Revocatus kwa adabu ya mtu anayesalimia shemeji mtarajiwa, na Revocatus akainua wa kwake.

Mwanzo ulikuwa salama. Sufuria ilikuwa imeharibika kwenye nyota ya barafu, wenzao wote wameondoka, na Debe yuko chini ya chombo anatengeneza. Kepteni na Mela wamebaki wawili juu ya mwamba. Wakazungumza muda mrefu, kwa sauti ya chini ambayo Justa hakuipata vizuri, akawatungia mazungumzo kuhusu akiba ya chakula. Ndipo Kepteni akapiga goti.

"Anafanya nini?" aliuliza Rose.

"Ameangusha spana," alisema Justa.

Kepteni akaingiza mkono kwenye kizibao, akatoa pete, akamvisha Mela kidoleni. Jasho lilianza kumtoka Justa mgongoni.

"Pete ya marehemu mama yao," alisema. "Alikuwa anamtunzia."

"Mama yao alikuwa mtu mwema," alisema Mama Ng'washi kwa huzuni, kwa kuwa huyo mama alikuwa amesimuliwa sana.

Mela akalia. Kisha Mela na Kepteni wakashikana nyuso, wakabusiana mdomoni, na halikuwa busu la salamu. Lilichukua muda, muziki ukipanda, kamera ikiwazunguka ili pasiwe na mtu wa kusema hakuona vizuri.

Hakuna aliyepiga kelele. Ingekuwa afadhali wangepiga. Rose alijifunika uso na kanga, kisha akaifunua kuhakikisha, kisha akajifunika tena. Mwanamke mmoja alimgeuza binti yake akatazama ukuta. Benchi la tatu lilianguka na watu wake wakabaki wamekaa chini hapohapo, hawana nguvu ya kunyanyuka. Watu waliowapenda wawili wale kwa miaka minne, waliowaombea, waliowatolea mfano kwa watoto, sasa walikuwa wanatazama kaka na dada wa tumbo moja wakifanya kitu ambacho nchi ile haina hata adhabu yake, kwa sababu hakuna aliyefikiria kuwa kingehitaji adhabu.

"Justa," alisema Mama Ng'washi, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilikuwa ndogo. "Hao wanafanya nini?"

Justa alimtazama Revocatus. Mkono wake ulikuwa juu ya swichi ya deki, anamsubiri. Angemwambia azime, ingekuwa imeisha. Watu wangerudi majumbani na mshtuko wao, na Jumatatu wangevuka. Hofu ilimjaa, na chini ya hofu kulikuwa na uchovu wa miaka saba, uchovu mkubwa kuliko hofu.

"Si ndugu," alisema kwenye maiki. "Hawajawahi kuwa ndugu."

"Lakini wewe ulisema..."

"Subirini. Anaeleza." Kwenye kioo Mela alikuwa amelaza kichwa kifuani kwa Kepteni, anazungumza. "Anasema, baba yangu alimkataa huyu kwa sababu hana ng'ombe."

"Kumbe na kwao wanatoa ng'ombe," alinong'ona Rose.

"Anasema, tukatoroka. Baba akatuma kaka zangu watatu watusake. Tukafika ugenini, jua linazama, tunatafuta chumba. Mwenye nyumba akaniuliza, huyu ni nani wako. Nikaona nikisema kweli nitarudishwa kwa fimbo. Nikasema ni kaka yangu."

Mtu mmoja alisema maskini. Wengine walianza kupumua. Lilikuwa jambo baya, lakini lilikuwa jambo la kibinadamu, na nyuso zikaanza kulegea.

"Anasema, yule mwenye nyumba alitupokea. Nilipougua malaria alinikorogea uji, alinibeba mgongoni hadi zahanati, njia nzima ananigombeza nisife. Nikataka kumwambia, nikashindwa. Baba akafa, nikataka kumwambia, nikashindwa. Kila nikifungua mdomo naona jinsi nitakavyomwaibisha mbele za watu, yeye aliyenidhamini. Kwa hiyo nikaendelea kumdanganya, na kila Jumapili nikaenda naye kanisani, bega kwa bega."

Mela alikuwa ameshafunga mdomo zamani. Hata hakuwepo tena. Kwenye kioo vyombo vya adui vilikuwa vimeshuka kwenye barafu, Debe anapiga risasi za kijani, moshi kila mahali, na Justa bado anazungumzia uji. Rose ndiye aliyeanza kugeuza kichwa. Akatazama kioo, akamtazama Justa, akamtazama Mama Ng'washi, ambaye miaka sita nyuma mtaa mzima ulimwona akikimbia na mgonjwa mgongoni. Akaweka mkono mdomoni.

"Mwenye nyumba huyo ni wewe, Mama Ng'washi," alisema Justa. Maiki ilikuwa inagonga meno yake. "Na yule aliyekaa kwenye deki si kaka yangu. Ni mume wangu. Hatuna mama mmoja, wala baba mmoja. Hao wa kwenye picha nao hawajawahi kusema ni ndugu. Nilisema mimi."

Debe aliendelea kupiga risasi. Hakuna aliyemtazama.

Kisha Mihayo akasimama kule nyuma. Watu wakampisha, akaja mbele mpaka kwenye deki, shati lake jipya likikwaruza. Revocatus naye akasimama. Walikuwa wanalingana urefu.

"Barua yangu," alisema Mihayo.

Revocatus aliitoa mfukoni. Alikuwa ameibeba wiki nzima, pembe zimekunjamana. "Nisamehe. Nilishikwa na bumbuwazi."

"Ungeniambia tu, she..." Mihayo alilikata neno katikati, akatafuta jingine la kumwita, akakosa. Aliitia barua mfukoni akatoka, amenyoosha mgongo, na nje wakamsikia anakohoa kama mtu aliyemeza vumbi. Alikuwa mtu mzuri. Hakustahili siku ile.

Baada yake walianza kutoka wengine. Hawakutukana. Mama mmoja alimpita Justa karibu kabisa bila kumtazama, na huyo ndiye aliyekuwa akimletea mchicha. Rose alitoka analia, na haikujulikana anamlilia nani. Mabenchi yakabaki tupu moja baada ya jingine, mpaka akabaki Mama Ng'washi peke yake mbele, mikono juu ya magoti, anatazama moshi wa kwenye kioo.

"Nilikudhamini kwa jumuiya," alisema.

"Ndiyo, mama."

"Nilikudhamini kwa mwenyekiti wa mtaa. Nilikudhamini kwa padri."

"Ndiyo, mama."

"Sijakusamehe. Usije ukadhani nimekusamehe."

Justa alitikisa kichwa kwamba hadhani. Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyafuta. Alijua sasa watafukuzwa, na kwa namna fulani hilo lilikuwa jepesi kuliko yote ya nyuma.

Mama Ng'washi alivuta pumzi, akamgeukia. "Una miezi mingapi?"

Justa alihisi banda linazunguka. Neno hilo hakulitaja kwenye maiki. Hakumtajia mtu yeyote chini ya jua isipokuwa mmoja. "Mama..."

"Wiki ya tatu hii unatapika nyuma ya choo changu, unadhani mimi nina masikio ya nini? Nimezaa tisa. Nikasema basi, ni Mihayo, nilimwona siku ile amekubebea ndoo. Ni mimi niliyemfuata Mkolani nikamwambia peleka barua upesi, mtoto wa watu asije akaaibika." Sauti yake ilikuwa inapanda, inarudi ilivyokuwa siku zote. "Nimemtuma mtu wa watu akachumbie mke wa mtu. Mimi, mtu mzima. Na yeye amekwenda akitetemeka, amenunua na shati. Miezi mingapi, nimekuuliza."

"Mitatu."

"Mitatu, na umesimama tangu saa nane na hicho chuma mkononi. Kaa chini."

Justa akakaa. Hakuwa na hiari. Mama Ng'washi akamnyang'anya maiki, akaiweka juu ya televisheni, akageuka kule kwenye deki kwa uso uleule wa hasira ambao alikuwa nao kwa wakwe zake wote wanne.

"Na wewe, baba mtoto, zima hiyo mashine ulete maji ya kunywa. Mkeo anaanguka hapa na wewe unatazama tu."

Revocatus aligeuka nyuma kuangalia ni nani anayeitwa.